Nilivyomtangaza Kantangaze

Jumatano, 3 Julai

Nimemwagilia mistari kumi na miwili kabla jua halijapanda. Maji ya mfereji kidogo, zamu yetu imepunguzwa tena. Baridi imenitia ganzi vidole. Nimefunga miche kwenye vijiti, nimepalilia. Magugu yote nje, isipokuwa mnafu. Mnafu nimeuacha katikati ya mistari kama kawaida, ndiyo mboga ya jioni. Mama hali ugali na kitu kingine.

Festo kapiga simu kutoka Mafinga. Mdogo wangu huyu akiuliza jambo kwa upole ujue ameshaliamua. Nyanya zinaendeleaje, dada? Nimesema vizuri. Sijadanganya, ni vizuri. Lakini tulichokubaliana mbele ya mama hakijafutika. Misimu miwili mdudu kantangaze amezimaliza nyanya. Zikifa na msimu huu, shamba la baba linapandwa misindano, lote, kuanzia barabarani hadi mferejini. Yeye yuko kwenye mbao, anajua miti. Mimi nilirudi hapa ndoa ilipovunjika, na najua shamba hili tu. Chini ya misindano hakuoti hata mchicha. Nitakaa jikoni kwa mama nikingoja miti ikue. Miaka na miaka. Sitaki.

Maua yameanza. Mengi.

Alhamisi, 4 Julai

Mstari wa saba. Jani moja lina doa jeupe, kama limemwagikiwa maji ya moto. Nimeliinua juani. Ndani yake, kati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini, kuna njia. Ndani ya njia kuna kiwavi, mdogo kuliko punje ya mchele, ana mstari mweusi nyuma ya kichwa.

Jina lake lenyewe ni amri. Nenda kanitangaze. Wakulima walimwita hivyo kwa kuwa akishaingia kwako huna cha kuficha, shamba linaungua hadi wapita njia wanaliona. Mimi nimeliviringisha lile jani, nimelifunga kwenye pindo la kitenge, nimekwenda kulichoma jikoni. Mama kauliza mbona nachoma majani mabichi. Nimesema ni magugu.

Naogopa. Basi.

Jumamosi, 6 Julai

Nimepiga dawa. Nimechanganya tatu kwenye bomba moja, kila moja na harufu yake, ili ikikosa hii ipate ile. Macho yanawasha hadi sasa.

Mama Zawadi alikuwa ng'ambo ya mfereji, shamba lake linapakana na letu. "Kamwene, dada! Nyanya zako zinapendeza." Nikajibu tunamshukuru Mungu. Nimemtaja Mungu na bomba liko mgongoni. Naye alikuwa na bomba mgongoni. Sikumwuliza la nini, naye hakuniuliza.

Jumapili, 7 Julai

Ibada ndefu. Matangazo marefu zaidi. Kwaya ya vijana, bati za sakristia, ndoa mbili, mbuzi mweupe aliyepotea mwenye kamba shingoni. Mbuzi mmoja katangazwa kanisa zima. Nyanya hakuna aliyezitaja.

Kwa hiyo mwaka huu ameguswa nani? Mimi peke yangu. Nimewaonea wivu wote, hadi mchungaji, ambaye halimi.

Jumanne, 9 Julai

Nimepasua majani kwa pini. Juu ya jani dawa imekauka, nyeupe, imetulia. Ndani kiwavi anakula. Hana habari. Amejenga nyumba ndani ya chakula chake na mimi nampakia rangi paa.

Mmoja nimemtia kwenye chupa ya siagi ya karanga. Udongo kidogo chini, jani la nyanya, kitambaa juu. Nataka kumjua. Baba alikuwa hivyo. Mchwa wakiingia ndani, alikuwa anavuta kigoda na kuwatazama kwanza, mama akimpigia kelele.

Ijumaa, 12 Julai

Wa chupani amemaliza jani, katoka, katembea ukutani mwa chupa akitafuta jingine. Nimempa. Kaingia haraka kuliko mimi ninavyoingia kwenye blanketi.

Shambani hali mbaya. Madoa yamefika mstari wa kwanza. Nyanya changa tatu zina tundu pale kwenye kikonyo, dogo kama la sindano, na uchafu mweusi mlangoni.

Leo nimetoka alfajiri, nikawakuta wazazi wenyewe. Vinondo vidogo vya kijivu, vinaruka juu ya miche, vingi. Jua lilipotoka vikatoweka. Nimeinua majani nikavikuta vimebana chini, vimetulia, rangi ya vumbi, ungesema si kitu. Na mimi napigaga dawa saa nne asubuhi! Wakati huo wamelala.

Festo kaandika ujumbe. Atakuja mwisho wa Agosti na vigingi vya kupimia mashimo, ili mvua zikianza apande. Akikuta nyanya za kuvunwa, atarudi navyo. Ndivyo alivyoandika. Nimeusoma mara nne.

Jumatatu, 15 Julai

Leo sitaisahau.

Nilikuwa jikoni nachambua mnafu wa mama. Chupa iko dirishani, jani la nyanya limekauka, yule mdudu anazunguka na njaa. Kwenda shambani kumletea jani sikutaka. Nimemchoka. Nikamtupia jani la mnafu, kwa hasira, afe na uchungu wake. Nikaendelea kuchambua.

Nilipogeuka hayupo. Nikadhani katoroka. Nikainua chupa kwenye mwanga. Yumo ndani ya jani la mnafu. Njia ile ile, nyeupe, inajikunja. Anakula vizuri kabisa.

Nikatoka nyuma ya jikoni. Tuta la mnafu la mama halikauki mwaka mzima, linamwagiwa maji ya vyombo asubuhi na jioni. Nikainua jani, la pili, la tatu. Yote yana njia. Nikakimbilia shambani, kwenye ile minafu niliyoiacha kati ya mistari. Yote.

Misimu mitatu, ukiwemo huu. Kila mwaka nyanya zikifa nang'oa, naliacha shamba tupu, nasema sasa ardhi ipumzike na mdudu afe njaa. Afe njaa wapi? Alikuwa kwa mama, analishwa na kunyweshwa. Na mbegu mpya zikiota, anarudi shambani hatua ishirini tu. Jembe langu lenyewe limekuwa likimkwepa. Nani hapa kwetu anang'oa mnafu? Hakuna. Mnafu si gugu, ni mboga.

Nimekaa kwenye tuta nikacheka peke yangu. Halafu nikalia kidogo. Halafu nikamwita bibi shamba, afisa wa kilimo, kwa simu.

Jumatano, 17 Julai

Bibi shamba kaja na pikipiki. Mnyakyusa wa Ilomba, Mbeya, mdomo mwepesi, hakai akanyamaza. Nimemwonyesha chupa kabla hata ya chai. Kaishika, kaitazama sana. Kasema nimefanya kazi ambayo wengine wanalipwa kuifanya.

Naandika aliyosema nisije nikasahau. Nyanya, mnafu, viazi mviringo, nyanya chungu, bilinganya, wote ni ukoo mmoja, na mdudu anaujua ukoo huo kuliko sisi. Anapenda nyanya, lakini akikosa hasusi. Jike linataga mamia ya mayai, na haliyaweki pamoja. Moja hapa, moja pale, jani hili na mche ule, hivyo ukikamua jani moja hujafanya kitu. Kiwavi yuko ndani, dawa inapita juu. Akikomaa anadondoka udongoni, anajibadilisha huko, anatoka na mabawa. Joto likiwepo hata mwezi haufiki. Baridi yetu inamchelewesha tu, haimwui. Asili yake Amerika ya Kusini, ambako ndiko nyanya nayo ilikotoka. Huko ana maadui waliomzoea. Huku kakuta meza imeandaliwa na wa kumla ni wachache.

Kuhusu dawa zangu tatu kacheka hadi kashika kiuno. "Umeua wale dhaifu tu, mama. Waliopona ndio wanaozaa sasa." Kwa hiyo nimewachagulia wazazi bora.

Halafu kaacha kucheka. Kasema shamba moja halisafishiki. Nondo anabebwa na upepo, nikisafisha langu atatoka la jirani. Lazima bonde zima ling'oe mnafu wiki moja, kila jani lenye njia liondolewe, mitego iwekwe kila shamba. Kaniuliza wenzangu wanasemaje. Nikamwongezea chai. Kaelewa.

"Mwe! Na jina lake unalijua!"

Nimeona aibu, na pia nimepumua. Sijui yote mawili yamewezaje kuja pamoja.

Jumamosi, 20 Julai

Nimekwenda kwa mzee wa kanisa kuomba nafasi kwenye matangazo ya kesho. Kauliza ni msiba? Nimesema hapana, ni mdudu. Kaandika.

Mama nimemweleza. Nimemwonyesha majani. Ameyaona, macho yake bado mazima. Kakataa. "Mnafu huu nilipewa na mama yangu. Nyanya zako zimekuja juzi, na hako kadudu kamekuja juzi. Hako ndiko kageni. Kafukuzeni kenyewe." Kaingia ndani kafunga mlango.

Nina hasira naye. Na ana haki. Nikisema kweli, hata usingizi sina, nawaza watu watakavyonitazama kesho. Yule aliyeachika, na nyanya zimemshinda.

Jumapili, 21 Julai

Nimesimama. Kabla yangu walitangaza mbuzi yule yule, bado hajaonekana.

Nilikuwa nimeandika mistari mitatu, sikuisoma. Nimesema tu. Kantangaze yuko kwangu. Amekuwa kwangu tangu mwanzo wa mwezi na nimewaficha. Anakaa kwenye mnafu. Na mnafu uko kwenye kila jiko la watu mliokaa hapa.

Nikasikia mtoto anatafuna kitu. Nikasema moyoni, basi, nimeshajidhalilisha, nikae.

Mama Zawadi kasimama benchi la nyuma. "Hata kwangu yupo. Tangu Juni." Kisha baba mmoja upande wa wanaume, kasema kwake mistari sita imeungua na alikuwa anamwambia mkewe ni baridi. Mkewe kamgeukia. Watu wakacheka. Mwingine akasimama, na mwingine. Mwisho ikawa rahisi kuuliza nani hana. Mikono miwili. Mmoja ni wa mchungaji.

Wote. Wote tulikuwa tunachoma majani jikoni kwa siri. Wote tulikuwa tunasalimiana na mabomba mgongoni. Nimetoka kanisani mwepesi, nimetembea njia nzima nikicheka na Mama Zawadi, na nyanya zangu bado ni mbovu vile vile. Sijali. Si kweli, najali. Lakini leo sijali.

Jumatano, 24 Julai

Siku ya tatu ya kung'oa. Mnafu, ndulele, viazi vilivyojiotea, kila wa ukoo ule. Siku ya kwanza tulitupa kando ya njia. Bibi shamba kafika, katufokea. Viwavi walikuwa wameshaanza kutoka kwenye majani yaliyonyauka, wanatambaa kurudi. Sasa tunatia kwenye mifuko ya plastiki, tunafunga, tunaacha juani hadi wachemke humo ndani.

Bonde lote halina mnafu. Isipokuwa tuta moja, nyuma ya jiko la aliyetangaza. Wanawake wakipita kwenda bombani kuteka maji wanalitazama, kisha wananisalimia kwa adabu sana. Adabu hiyo inachoma.

Sijamwambia mama tena. Nikisema neno moja tutagombana, nami nimechoka.

Alhamisi, 25 Julai

Nimeamka nikakuta mama yuko nje na sweta la baba. Amepiga magoti kwenye tuta. Anang'oa.

Hakuinua kichwa. Anang'oa mmoja, anaupukutishia vitunda vyeusi kwenye bakuli, mche anautia kwenye mfuko wa plastiki. Mmoja mmoja. Nilipoinama kumsaidia kanipa mfuko niushike. Tumemaliza jua limepanda. Vitunda kavikamua kwenye maji, mbegu kazianika kwenye kitambaa. Mdudu hakai kwenye mbegu, bibi shamba alishasema.

Nimemshika mkono. Una baridi na unanuka mnafu. Kasema nikapike chai.

Ijumaa, 2 Agosti

Mitego imefika. Ni beseni la maji ya sabuni, na juu yake kinaning'inia kidude chenye harufu ya jike. Madume yananusa yakiwa mbali, yanakuja mbio, yanatumbukia. Hakuna jike. Hakuna hata kivuli cha jike. Mama Zawadi kasema mume wake angekufa siku ya kwanza.

Asubuhi ya leo nimehesabu sitini na nne. Nimetupa maji, nimeweka mengine. Majani yenye njia natoa kila siku. Dawa ni moja tu sasa, jioni, wakianza kutoka.

Jumapili, 11 Agosti

Jana ishirini. Leo themanini na moja.

Upepo wa joto umevuma siku mbili. Nimesimama mbele ya beseni nikahesabu tena. Zimebaki wiki tatu Festo aje. Kanisani sikusikia mahubiri. Baada ya ibada nikawaambia wote hesabu yangu, nao wakasema zao, kumbe hesabu za mitego yote ya chini bondeni zimepanda. Tumetoka moja kwa moja na nguo za kanisani. Tumekuta kibanda kilichoachwa karibu na daraja, nyuma yake minafu kichaka kizima, imefika kiunoni. Hakuna aliyekuwa anakumbuka.

Tumeing'oa na viatu vya ibada. Mzee wa kanisa kachafua suruali.

Jumatatu, 19 Agosti

Tisa kwenye beseni.

Majani ya juu, yale mapya, ni mazima. Nimeyainua juani moja moja, shingo inauma. Mazima. Mistari mitatu imeharibika, siwezi kuificha, lakini tisa imebeba. Nyanya ya kwanza imeanza kuiva, nimeizunguka kama mjinga.

Ijumaa, 23 Agosti

Nne. Nimelala usiku kucha.

Jumamosi, 31 Agosti

Festo kafika saa tano na pikapu. Nyuma kuna vigingi, vipya, vimechongwa ncha, harufu ya mbao imejaa uani. Niliviogopa vile vile, japo najua kabisa shamba likoje.

Hakuingia ndani hata kumsalimia mama. Kashuka shambani moja kwa moja. Nilimfuata kwa nyuma. Katembea mistari yote kumi na miwili, ile iliyokufa na ile iliyobeba. Kachuma nyanya moja nyekundu, kageuza akatazama kikonyo. Anajua pa kutazama, naye kazaliwa hapa. Kaipasua kwa vidole. Katazama ndani. Kaila, juisi ikamwagika kwenye shati. Kachuma ya pili.

Kisha kauliza mbona vijiti vyangu vimeoza. Ni kweli, vingine vimelala na nyanya zake. Nimesema ndivyo nilivyopata. Kapanda juu, karudi na mzigo wa vigingi begani, kauangusha kwenye mstari wa tisa. Kaanza kuvipigilia, kimoja kwa kila mche, akifunga kamba kama baba alivyokuwa anafunga, fundo mara mbili. Hakusema kitu kuhusu misindano. Nami sikuuliza. Tumefanya hadi vigingi vikaisha.

Mchana mama kamlaumu kwa kuchelewa kumsalimia. Kala sahani mbili.

Jumanne, 3 Septemba

Nimemwagilia. Maji ya mfereji leo mengi kidogo. Mbili kwenye beseni.

Mama kala ugali na kabichi. Kasema si mboga, ni majani ya maji, lakini kamaliza. Mbegu zake ziko kwenye fundo la kitambaa juu ya jiko, zinangoja. Tukishavuna na bonde likikaa tupu hadi mvua zikolee, atazipanda. Tumekubaliana wote, na tarehe itatangazwa kanisani.

Jioni Mama Zawadi kavuka mfereji anakimbia, jani mkononi. Kalionyesha kabla hata hajanisalimia. Njia moja, changa. Tumeinua jani juani, tumemwona, tumembana kwa kucha. Kisha tukakumbuka kusalimiana. Nikamwekea chai.